Muhula wa Kusikia kwa Macho

Jumatatu, 8 Januari

Muhula umeanza, na paa linavuja palepale lilipovuja mwaka jana, juu ya kabati la kamusi. Wanafunzi ni thelathini na mmoja. Wengi ni manesi, wapo wa maabara wawili, mfamasia mmoja, na mhasibu ambaye hata yeye hajui anataka kwenda wapi. Wote wanatafuta kitu kimoja: alama saba kati ya tisa katika mtihani wa kuzungumza Kiingereza, wapate kazi ng'ambo.

Mkuu wa chuo ametutangazia mawili. La kwanza, tumepata mwalimu mpya. Ni mzungu, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mumewe mhandisi wa daraja jipya. Kabla ya saa sita wanafunzi walikuwa wameshampa jina: Mwenyewe. "Kiingereza cha wenyewe kimetufuata mpaka mlangoni," alisema nesi mmoja mcheshi wa wodi ya watoto, na darasa zima likacheka. Mimi wananiita Mama Vitenzi, huu mwaka wa nne, na sijawahi kunung'unika.

La pili, mazoezi ya kusikiliza wanayopata kwenye simu sasa yatakuwa na picha ya mwalimu. Sauti iliyomo ni yangu. Niliyarekodi yote themanini na mawili miaka mitatu iliyopita, ndani ya stoo iliyozungushiwa magodoro ya zamani, nikingoja mvua iache kupiga bati. Leo nimepigwa picha mbele ya ubao. Mama ameiangalia akasema nimependeza, ila jicho moja linataka kulala.

Jumatano, 10 Januari

Mvua. Darasa la matamshi limehamia ukumbini. Hakuna la kuandika.

Jumanne, 16 Januari

Chini ya kila zoezi kuna mahali pa kuandika maoni. Kwa miaka mitatu watu wameandika "asante" na "naomba zoezi lingine". Leo nimekuta hili: "Mwalimu ana lafudhi nzito, hatumpati vizuri." Nikadhani ni simu ya mtu imeingia maji.

Ijumaa, 19 Januari

Manne zaidi. Moja linasema: "Tunaomba mwalimu anayetamka kama wenyewe."

Alhamisi, 25 Januari

Mkuu ameniita ofisini. Mkuu si mtu mbaya, na ninaandika hivyo mapema nisije nikasahau baadaye. Aliniwekea kiti mwenyewe, akaniuliza hali ya mama, ndipo akanigeuzia skrini. Maoni kumi na tisa.

"Usinielewe vibaya, mwalimu," alisema. "Nakuletea yanayosemwa tu."

"Mkuu, hizi ni rekodi zilezile. Hakuna aliyezigusa tangu nizifanye."

"Najua."

"Hata pale nilipomeza mate katika zoezi la kumi na moja, bado pako."

"Najua, mama. Lakini anayelalamika ndiye anayesikiliza. Nimwambie masikio yake ni mabovu?"

Nilitaka kumwambia kwamba mimi nilizaliwa hukohuko wanakotaka kwenda. Mama alikuwa nesi huko kwa miaka kumi na minne, na Kiingereza nilikiokota chekechea pamoja na kamasi za wenzangu. Tuliporudi nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na shangazi zangu walinicheka kwa sababu Kiswahili changu kilikuwa kinachechemea. Kiingereza changu hakuna aliyewahi kukigusa. Mkuu anayajua yote hayo, yamo kwenye faili langu. Ilikuwa aibu kuyataja, kama mtu anayeonyesha kitambulisho mlangoni kwake.

Akaniomba nirekodi upya, "kwa uwazi zaidi". Nilipaswa kukataa. Badala yake nilimuuliza tuanze na yapi.

Alhamisi, 1 Februari

Nimerekodi saba kati ya vipindi viwili vya mvua. Navuta kila silabi, nabana pua kidogo, naachama pale ambapo kwa kawaida siachami. Nikija kusikiliza, sijui huyo mwanamke ni nani.

Nyumbani nilimuuliza binti yangu kama amemaliza kazi ya hesabu, akaniangalia. Ana miaka tisa na hana breki.

"Mama, mbona unaongea kama umeungua na chai?"

Kumbe ile sauti ya kurekodia nimeileta hadi nyumbani, tena kwenye Kiswahili.

Jumatatu, 5 Februari

Nilimsimulia mama tukichambua mchele. Baba yake binti yangu yuko mbali kwenye kazi ya kutandaza nyaya za umeme, hurudi kila mwisho wa mwezi, kwa hiyo mambo kama haya huishia kwa mama. Nilidhani atakasirika kwa niaba yangu. Aliendelea kupepeta.

"Wodini kwetu kulikuwa na simu ya ukutani," alisema. "Ndugu za wagonjwa wakipiga, mimi ndiye nilikuwa najibu, maana wenzangu waliikimbia. Kulikuwa na bwana mmoja, mkewe amelazwa, alikuwa anapiga kila siku. Ananisifu. Ananiambia, dada, wewe ndiye pekee ninayekuelewa hapo. Jumapili akaja kumwona mkewe. Nikamweleza habari za dawa, maneno yaleyale ya jana yake. Akawa ananitazama mdomo. Akaniambia, samahani, hakuna mtu mwingine hapa anayesema Kiingereza?"

"Ukafanyaje?"

"Nikaenda kumwita mwingine. Mgonjwa alikuwa anasubiri dawa."

Miaka yote hiyo hakuwahi kunisimulia. Nikamuuliza kwa nini. Akasema angenisimulia ili iweje, ningefika shuleni kesho yake nafungua mdomo kwa woga.

Ijumaa, 9 Februari

Mwenyewe alinifuata leo kwenye chumba cha walimu, akafunga mlango. Nilidhani amekuja kunipa pole kuhusu maoni, na nilikuwa nimeshaandaa uso.

Anataka nimfundishe matamshi.

Kwao, aliniambia, Kiingereza walikianza darasa la sita, na mwalimu wao alikuwa amejifunza kwa kaseti. Mama yake mpaka leo akimsikia akiongea na simu kwa Kiingereza hucheka. W na V zinamchanganya. Ile sauti ya ulimi katikati ya meno haimkai, anatoa Z. Kweli, nilikuwa nimesikia tangu siku ya kwanza, kama ambavyo angesikia mtu yeyote aliyetega sikio. Wanafunzi hawajasikia. Wameanza kuiga Z zake.

"Ninaogopa watanigundua," alisema. "Kila siku ninangoja mmoja anyooshe mkono."

Tumekubaliana Jumanne na Ijumaa saa nane. Nilifurahi, na furaha yenyewe haikuwa safi. Nilitembea hadi nyumbani nikiwa mrefu kidogo.

Jumanne, 13 Februari

Kikao cha kwanza. Ni mwanafunzi mzuri, hachoki kurudia. Nimeanza kumpenda.

Jumanne, 20 Februari

Mtihani wa majaribio, siku nzima. Kila mmoja anakaa mbele ya mwalimu kwa dakika kumi, anaeleza picha, anajibu maswali, na simu inarekodi. Alama zinaamua majina manane yatakayopelekwa kwa hospitali za ng'ambo muhula huu. Mwenyewe amewapima kumi na watano, mimi kumi na sita.

Nesi mcheshi amepata saba na nusu, anastahili. Wa maabara mmoja alilia katikati, nikampa maji tukaanza upya. Mfamasia amenisumbua. Ndiye mwenye duka la dawa mtaa wa pili kutoka kwetu. Babu yake alihamia hapa kutoka Mashariki ya Mbali, na sura yao imebaki ya huko, kiasi kwamba watu humwita kwa jina la nchi ambayo hajawahi kuikanyaga. Yuko darasa la Mwenyewe, simfahamu sana. Mpole, lakini lafudhi ya kwao inaingilia. Tano na nusu. Mgongo unaniuma na chaki imeniingia machoni.

Ijumaa, 23 Februari

Orodha ya majina manane imebandikwa, na imeshatumwa. Mfamasia aliisoma, akaisoma tena kuanzia chini kwenda juu. Mkewe ametangulia ng'ambo na mtoto wao, yeye ndiye anayengojwa. Alikuja kunishukuru hata hivyo, akauliza arekebishe nini. Nilimjibu kwa Kiingereza, polepole, ili anielewe.

Jumatano, 28 Februari

Habari njema. Maoni yamegeuka. "Sasa tunaelewa kila neno." "Huyu ndiye mwalimu." "Asanteni kwa kutusikia." Mkuu alinipita kwenye korido akatabasamu huku akiangalia viatu vyake. Basi ule ubanaji wa pua umesaidia. Nimenunua biskuti za binti yangu njiani.

Jumatatu, 4 Machi

Niandike kwa utaratibu.

Saa nne, wakati wa chai, yule nesi mcheshi alikuwa amekaa kwenye ngazi, simu sikioni, anarudia maneno. Nilisikia sauti yangu ikitoka kwenye simu yake. Ni zoezi la kumi na moja. Nilimeza mate palepale ninapomeza siku zote. Kwa hiyo haikuwa rekodi mpya. Ilikuwa ile ya zamani.

"Mbona unasikiliza la zamani?" nikamuuliza.

"La zamani lipi, mwalimu? Hili ndilo jipya. Lile la kwanza tulikuwa hatulipati kabisa, lakini la huyu, yaani, kila neno linaingia."

Akanigeuzia simu. Juu ya sauti yangu kulikuwa na picha ya Mwenyewe. Amesimama mbele ya ubao uleule, ameshika chaki, anatabasamu.

Nilimwambia, "Hii ni sauti yangu."

Alinitazama, akatazama picha, akanitazama tena. Ni mtu mwema, hakutaka kuniumiza. "Mnafanana sauti kidogo," alisema. "Na wewe umeanza kumuiga, eh?"

Nikaenda kwa Mkuu. Hakukana. Rekodi zangu mpya zilikuwa na kelele za mvua, alisema, hazikufaa. Ndipo akapata wazo la kujaribu picha nyingine kwa wiki moja, aone. Wiki moja ikapita, maoni yakawa mazuri, akaona aiache.

"Sijakuondolea kitu," alisema. "Sauti ni yako, iko palepale. Hata wewe ulifurahi, nilikuona."

Hilo ndilo lililonikata. Kweli nilifurahi. Nilinunua na biskuti.

Jumanne, 5 Machi

Saa nane Mwenyewe alikuja na daftari lake kama kawaida. Sikumkaribisha akae.

"Ulijua?"

Aliweka daftari juu ya meza, akalinyoosha kingo. "Wiki mbili."

"Wiki mbili unakaa hapa mbele yangu unatoa ulimi katikati ya meno."

"Nilimwambia Mkuu kwamba si sauti yangu. Akasema ni picha tu, ya kupendezesha."

"Na mimi hukuniambia."

"Niliogopa utaacha kunifundisha," alisema. Hakujitetea zaidi ya hapo.

Ningependelea angenidanganya. Mtu akikudanganya unajua pa kumweka. Nilimwambia leo hakuna somo. Alisimama mlangoni, akaniuliza angefanya nini. Nikamwambia hilo si swali la matamshi, ajijibu.

Alhamisi, 7 Machi

Amejijibu. Aliwaambia wanafunzi wake, mbele ya wote, kwamba sauti ya mazoezi ni ya Mama Vitenzi tangu mwanzo, na kwamba yeye mwenyewe Kiingereza amejifunza ukubwani na hukosea. Nilikuwa darasa la jirani, ukuta ni wa mbao, nilisikia kila kitu.

Wakacheka. Walidhani anajishusha. "Ana adabu huyu," nilimsikia mmoja akisema. "Wangekuwa wengine wangejidai." Alipojaribu tena kwa kuwaeleza habari za Z zake, mtu akasema hiyo ndiyo lafudhi halisi, sisi ndio tumezoea ya shuleni.

Alitoka na uso mwekundu. Tulikutana kwenye korido, nikampisha apite.

Ijumaa, 8 Machi

Nimempa Mkuu barua. Ama picha yangu irudi juu ya sauti yangu, ama afute mazoezi yote themanini na mawili. Ameniomba nisubiri mtihani mkuu upite. Nikasema nitasubiri hadi tarehe ishirini.

Jumanne, 12 Machi

Mvua. Naingia darasani na hasira ambayo haina mahali pa kukaa. Nimewakaripia watu wa maabara bila sababu.

Ijumaa, 15 Machi

Nesi mcheshi ameniletea karanga. Hajasema ni za nini. Nimekula.

Jumatatu, 18 Machi

Kanuni ya chuo inataka kila rekodi ya majaribio isikilizwe mara ya pili, kwa ajili ya faili, na mwalimu ambaye hakuwepo. Mafungu ya mwaka huu yalikuwa yagawanywe kati yetu wawili, lakini Mwenyewe amelazwa na homa tangu juzi, kwa hiyo katibu ameniletea yote. Hakuna majina, ni namba tu, na amekata sehemu moja ya kila mtu, ile ya kueleza picha. Nimekaa stooni kwenye magodoro, masikio yamezibwa na vipokea sauti, nikasikiliza thelathini na moja. Wiki nne zimepita, sauti nyingi sizikumbuki.

Kazi hii imenituliza. Hakuna uso, hakuna nguo, hakuna anayekusalimia kwa unyenyekevu. Namba kumi na saba ameniburudisha. Alieleza picha ya soko lililoloa kana kwamba alikuwa amesimama mle ndani. Nimeandika: "Matamshi safi, mtiririko mzuri. Saba na nusu."

Jumanne, 19 Machi

Katibu alikuja na karatasi mbili, amezilinganisha kwa rula.

"Mwalimu, hapa sielewi," alisema. "Wote mnakaribiana, nusu juu, nusu chini. Ila kumi na saba. Ana kwa ana ulimpa tano na nusu. Jana umempa saba na nusu. Niandike ipi?"

"Kumi na saba ni nani?"

Akafungua daftari lake. "Mfamasia."

Nilimwambia amechanganya namba. Akaniletea rekodi nzima, ile ya dakika kumi, ambayo ndani yake anataja jina lake mwanzoni. Nilisikiliza nikiwa nimefumba macho. Kiingereza cha mtu aliyekisoma vizuri na kukipenda, cha shule zetu hizihizi, kama cha yule nesi, kama cha mhasibu, ila kina ufasaha zaidi. Kisha nikafumbua macho, nikajilazimisha kukumbuka uso wake, nikasikiliza tena. Naandika hili kwa sababu sitaki kulipoteza: lafudhi ilianza kurudi. Sauti ilikuwa ileile, mashine ileile, na mimi nilianza kusikia kitu ambacho dakika tano kabla hakikuwepo.

Nikarudi nyuma kwenye daftari hili. Tarehe ishirini Februari nimeandika, kwa mkono wangu, "lafudhi ya kwao inaingilia". Kwao ni wapi? Kwao ni mtaa wa pili kutoka hapa. Mama yake alinunua maziwa kwenye duka moja na sisi. Tarehe ishirini na tatu nimeandika kwamba nilimjibu polepole ili anielewe. Wakati huohuo nilikuwa nahesabu maoni ya watu kuhusu mimi, naugua kwa ajili ya maoni hayo, naona dunia nzima ni kiziwi isipokuwa mimi.

Binti yangu amekuja kuniuliza kwa nini sili. Nimemwambia nimekosea kazi. Akasema nifute niandike tena.

Jumatano, 20 Machi

Leo ndiyo tarehe niliyompa Mkuu. Alikuwa ameniandalia jibu, nadhani, maana alikaa wima. Nikaweka karatasi mbili za katibu mezani kwake, nikamweleza kuhusu mfamasia.

Alizisoma polepole. Kisha akaegemea kiti.

"Unaona sasa," alisema, na hakusema kwa ubaya. "Masikio ya watu ndivyo yalivyo. Hata yako."

"Ndiyo. Hata yangu."

"Basi wale wanafunzi unawalaumu nini? Na mimi unanidai nini?"

Njia nzima kutoka nyumbani nilikuwa nikijua ataniuliza hivyo. Kunyamaza kungekuwa rahisi sana. Faili lingefungwa, katibu angeandika wastani, na barua yangu ingebaki na nguvu zake.

"Wanafunzi hawakumnyima mtu nafasi," nikasema. "Mimi nimemnyima. Naanza na yake. Yangu tutaijadili baadaye."

Orodha imeshatumwa, akanikumbusha. Kuibadilisha kunahitaji maelezo yaliyosainiwa na mpimaji. Akanisogezea karatasi. "Andika hitilafu ya mitambo. Rekodi ilikuwa na kelele. Itapita bila maswali."

Nikaandika: "Mtahiniwa huyu nilimsikia kwa macho. Nilimpa alama ya sura yake. Niliposikiliza sauti peke yake, nilimpa anayostahili." Nikasaini.

Mkuu aliisoma mara mbili. "Hii ikienda huko, hawatakupa tena kupima mtu."

"Huenda wakawa sahihi."

"Mwalimu, nakuomba. Hitilafu ya mitambo."

"Mitambo haikukosea, Mkuu."

Akaipiga muhuri. Nilipokuwa nafika mlangoni aliniuliza, kwa sauti nyingine kabisa, kama mtu anayejiuliza mwenyewe, kama naweza kukumbuka yeye alinipa alama gani siku ya usaili wangu. Nikasema sikuwahi kuziona. Akasema yeye anazikumbuka. Hakuzitaja.

Ijumaa, 22 Machi

Mwenyewe amerudi, amekonda. Nilimwambia yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hiyo Jumanne tunaendelea?" Nikasema tunaendelea. Sijui kama nimemsamehe. Nimekosa tu pa kusimama ili nimkatalie.

Jumatano, 27 Machi

Hakuna jibu. Mvua imepungua, bati liko kimya, na kimya chenyewe kinachosha. Mfamasia anakuja darasani, ananisalimia vizuri, anakaa nyuma. Sijamwambia. Najiambia ni vyema ningoje jibu lije kwanza. Mama amesema kungoja kwangu kunafanana sana na kuogopa.

Jumanne, 2 Aprili

Jibu limefika. Alama mpya imekubaliwa. Nafasi nane zimejaa, kwa hiyo jina lake ni la kwanza kwenye awamu ya Septemba. Miezi mitano zaidi bila mkewe na mtoto, kwa sababu ya dakika kumi mbele yangu.

Mimi sitapima ana kwa ana tena. Nitasikiliza rekodi, bila majina. Mkuu ameamua kuanzia muhula ujao zisikilizwe hivyo kwanza, kabla ya orodha. Na ameondoa picha zote kwenye mazoezi, yangu na ya Mwenyewe. Jina langu limeandikwa chini ya sauti, herufi ndogo. Si nilichodai. Jioni nimekuta maoni mapya: "Rudisheni picha ya yule mwalimu, sasa hatuelewi vizuri." Nimezima simu.

Ijumaa, 5 Aprili

Muhula umefungwa. Nilikwenda dukani kwa mfamasia na barua ya lile jibu mkononi, asubuhi, kabla sijapata muda wa kutunga sababu.

Alikuwa anapanga chupa. Alinipa stuli. Nilimwambia nimesimama vizuri, kisha nikamweleza, kwa Kiswahili, bila kuzunguka: alama niliyompa, alama ya pili, nilichoandika, nilichosikia nilipofumba macho na nilichosikia nilipofumbua. Nilimpa barua. Aliisoma na kuirudia. Aliposoma neno Septemba, kidole chake kilisimama hapo.

"Mtoto ameanza kutembea," alisema. "Wamenitumia video."

Alirudisha chupa moja kwenye rafu.

"Mwalimu, siku ile nilijiuliza sana nilikosea wapi. Nilirudi nyumbani nikajirekodi. Nikamuuliza mke wangu kwa simu, nina lafudhi gani? Akacheka. Nikamwambia usicheke, mwalimu mwenyewe amesikia." Alikunja barua. "Nilikuamini wewe kuliko masikio yangu."

Akaingia mteja, mama wa makamo, kitambaa cheupe kichwani, ameharakisha. Alimtazama mfamasia, akapandisha sauti na kukatakata maneno.

"Dawa. Kikohozi. Mtoto." Akajigonga kifuani, akakohoa kumwonyesha.

"Pole, mama," mfamasia alisema. "Mtoto ana umri gani, na kikohozi chenyewe ni kikavu au kina makohozi? Kimemwanza lini?"

Yule mama alinigeukia mimi. "Eti anasemaje?"

Mfamasia hakunitazama. Alikuwa ameshika kaunta kwa mikono miwili, anasubiri, kama mtu ambaye amesubiri hapo tangu duka lifunguliwe. Midomo yangu ilikuwa imeshafunguka, tayari kumtafsiria Kiswahili kwa Kiswahili, kumsaidia, nitoke pale nikiwa nimefanya jambo jema.

"Amesema Kiswahili, mama," nikamwambia. "Mjibu yeye."

Alitazama huku na huku, kama aliyepotelewa na mlango. Kisha akamgeukia. Akaanza upya, taratibu kwanza, halafu kwa mwendo wake wa kawaida: mtoto ana miaka mitatu, kikohozi ni kikavu, kilianza Jumapili, na hapati usingizi. Walizungumza kwa muda mrefu. Mimi nilikaa kwenye ile stuli niliyokuwa nimeikataa, nikawasikiliza wote wawili.